Mikanda ya Barakoa

Chemchem, Jumapili

Sijamwambia mtu kwamba kila nikilala huilegeza mikanda ya barakoa ya mashine inayonisukumia pumzi. Daktari alinionya: mapafu yamechoka, na bila mashine hewa chafu itabaki kifuani, inipande kichwani.

Hunipanda kwa utamu. Maria, marehemu mke wangu, huja amejitwika mkeka, tukaifuata njia ya zamani ya misafara kuelekea Goweko. Natembea bila kuhema. Hata vumbi halinikohozi.

Leo asubuhi binti yangu Veronika aliniamkia. “Shikamoo, baba.” Akarudia. Nilimsikia kwa mbali, kama mtu tuliyemwacha nyuma njiani, nami sikugeuka. Nilipofumbua macho alikuwa akinipigapiga mashavu, analia.

“Ukilala hivi tena, baba, madaktari watakuingiza mpira wa kupumulia kooni. Hapo utaniitikia na nini?”

Nikamwambia ni uchovu tu. Akaenda kukoroga uji.

Sasa nimeikaza mikanda mwenyewe, mpaka pua inauma. Usiku huu Maria atapita peke yake.

Nimejisemea siku nyingi kwamba niko tayari kumfuata. Siko tayari. Asubuhi nataka kuitika marahaba.