Marehemu Baba na Pasi Yake

Mwenzangu, uko wapi? Nisikilize.

Unaikumbuka ile picha ya marehemu baba, aliyefariki nikiwa mchanga, sebuleni kwa mama, anapiga pasi huku anacheka? Nimeikuta kwa muuza picha za zamani. Hii ni nzima, na chini imeandikwa: "Pasi nyepesi, hata baba anaipenda."

Ni tangazo. Tangazo, mwenzangu. Ya kwetu mama aliikata maneno.

Muuzaji ananisifia picha eti wakusanyaji wanaigombania. "Huyu mwigizaji wa kukodiwa tu, hata shati si lake."

Na mimi kila siku namwambia mume wangu amuige baba.

Nimempigia mama. Hata hakushtuka.

"Baba yako hakujua pasi inashikwa wapi. Ulitaka nikutundikie yule?"