Hema letu limeota matawi

Papa wangu,

Nakuandikia kutoka Goma, roho imetulia. Shambani Kibumba nilikuta miti yako yote ya kukinga upepo imekatwa ikachomwa makala ya kupikia. Nikashuka na uchungu mpaka Kanyaruchinya, pale tulipokimbilia vita. Kambi imevunjwa, lakini ile miti mibichi uliyoitoa shambani ukaisimika kushikilia hema letu, Mama akakugombeza kwamba itaoza, imeota. Imesimama palepale, kila muti na matawi yake, yamenipita urefu. Nilipofika penye mulango wetu nikajikuta nasema hodi. Mama mumoja anayechoma mahindi kwenye kivuli akanijibu, "Karibu, mutoto." Nimekata matawi, kesho nayapanda Kibumba.

Unisalimie Mama. Umwambie hakuna kilichooza.

Masika