Chandarua cha Bembea

Mke wangu mpenzi,

Huku msituni tunakopima miti mimi ni mzima, shida ni mvua tu. Chandarua ulichonishonea kimeizunguka bembea yangu ya kulalia juu hadi chini, maana mbu wa huku huuma mgongo kupitia kitambaa. Siafu nao walipitia kwenye kamba. Nikazipaka grisi, wakanuna. Mpishi wetu, aliyejaa manundu, ananionea gere.

Jana, nikikung'uta chandarua, niliona pindoni wale samaki uliowatarizi. Kumbe umekata chandarua cha kitanda cha mtoto tunayemsubiri miaka yote hii! Hukuniambia kwamba umechoka kumsubiri.

Mimi sijachoka. Kitanda usimpe mtu. Chandarua nakitunza kisichanike. Nikirudi tutakifumua, tukirudishe mahali pake.

Mumeo asiyeumwa na mbu