Walipoicheka Sura ya Tisa

Alhamisi, 4 Juni

Binti yetu kaleta tikiti mbili. Filamu ya *Kabla Hamjanuniana*! Kitabu changu! Nimekisoma mpaka gamba likabanduka, nikalifunga kwa utepe mweusi wa nyaya. Jamaa akioa, sitoi vyombo, natoa nakala. Wananiita Mzee Mashauri. Mke wangu hunicheka: "Fundi, watu wanataka sufuria."

Nimemwambia Jumamosi tunakwenda. Akasema ataona. Kisha akaanza kupanga upya kabati la vikombe, na juzi tu kalipanga.

Jumamosi, 6 Juni

Kichwa kinamuuma. Nimekwenda peke yangu. Kiti chake nimekiwekea koti.

Sijui nianzie wapi.

Filamu mbaya. Mbaya! Bibi Mshauri, mwandishi wetu anayejibu barua za wanandoa kwa busara zake, kawa msichana wa kucha ndefu anayekonyeza kamera. Sura ya ugomvi imegeuzwa dansi. Kitabu cha kurasa mia mbili kimekuwa tangazo la sabuni.

Kisha sura ya tisa.

Kitabuni ni barua ya mke wa mwalimu. Mimba ilitoka ya miezi saba. Mumewe akarudi kazini jioni, akasema neno moja tu, halafu hawakulizungumza jambo hilo tena. Neno lenyewe kitabu hakilitaji. Sura hiyo nimeisoma kwa sauti sebuleni mara ngapi! Nilijua yao yanafanana na yetu. Nikajiona afadhali. "Mwanamume gani huyu?" nilikuwa nasema. Mke wangu huinuka kwenda kubandika chai.

Kwenye filamu si mwalimu. Ni fundi wa majokofu. Mpini wa bisibisi sikioni, ncha kwenye kompresa, jicho moja kalifumba. Kama mimi. Watu wakacheka, nami nikacheka! Kisha anaingia chumbani. Mwanamke kageukia ukuta. Fundi kasimama mlangoni na mkoba wa vifaa. Anasema:

"Umekula?"

Ukumbi mzima — kicheko.

Siku ile chumbani tulikuwa wawili tu. Miaka ishirini na saba iliyopita.

Jumapili, 7 Juni

Binti kauliza, ilikuwaje? Nimesema wameiharibu. Si uongo.

Mwishoni mwa filamu yalipita maandishi madogo. Shukrani kwa walioandika barua, na kwa kuruhusu zitumike kama zilivyokuwa kabla ya kubadilishwa kwa ajili ya kitabu. Kuruhusu! Kumbe barua ni ya mke wangu, na kuna mtu alimwuliza, mwaka huu au jana, naye akakubali. Akatia sahihi. Labda kwenye meza hii hii, mimi niko chini ya friji ya mtu.

Mchana kapika, tumekula. Nilitaka kumwuliza kama ameshiba. Nikakusanya sahani.

Jumatatu, 8 Juni

Buchani. Friji kubwa haigandishi. Nimeweka bisibisi sikioni nisikilize mota, nikasikia ukumbi. Watu mia mbili wananicheka ndani ya chuma. Nimetoa, nimefuta, nimerudisha. Bado wanacheka.

Mwenye bucha kauliza, "Vipi fundi, imekufa?"

Nikasema inapumua.

"Sasa mbona unalia?"

Nikasema ni gesi. Mtu mzima huyo, kakimbia kufungua madirisha yote.

Jumanne, 9 Juni

Nimefungua sura ya tisa. "Namsikia akisema na kila kitu isipokuwa mimi." Nimeipigia mstari. Kalamu nyekundu. Pembeni, kwa mwandiko wangu mwenyewe: *Maskini mama huyu.*

Jumatano, 10 Juni

Nimerudi sinema, onyesho la saa nane mchana. Sijui kwa nini. Jino bovu huachi kuligusa kwa ulimi.

Ukumbi mtupu, watu kama kumi. Taa zimezimwa. Ilipofika sura ile, nikaacha kutazama filamu, nikatazama watu — nione nani atacheka. Safu tatu mbele, mtandio wa kijani. Mabega yale nayajua hata gizani.

"Umekula?" akasema yule fundi wa uongo. Wawili wakacheka nyuma yangu. Mtandio wa kijani haukutikisika. Ukainama, ukainama mpaka sikuuona tena.

Nilipaswa kwenda kukaa naye. Hatua ngapi? Saba. Nikatoka kwa mlango wa pembeni kama mwizi.

Mke wangu kafika nyumbani saa kumi na moja.

"Ulikuwa wapi, Mama?" nikamwuliza.

"Kwa dada. Na wewe?"

"Buchani."

"Haya."

Tukanywa chai, waongo wawili, na biskuti.

Ijumaa, 12 Juni

Jana sikuandika. Friji ya jikoni imezima yenyewe kama kawaida yake, na nyumba ikanyamaza ghafla — nikashtuka, nikadhani kuna mtu kaingia mlangoni na mkoba.

Jumapili, 14 Juni

Asubuhi. Mke wangu yuko uani anaanua nguo. Niandike sasa au nisiandike kabisa.

Filamu ina kosa. Barua ina kosa lile lile. Sikutoka kazini siku ile.

Nilitoka kumzika mtoto wetu. Mimi na baba yangu tu, kwenye kipande cha ardhi nyuma ya nyumba yake. Alikuwa mwepesi. Nimebeba kompresa maisha yangu yote, na hakuna kitu kilichowahi kunilemea mikono kama yeye. Mkobani mlikuwa na jembe fupi. Bisibisi nilizitoa ili litoshe.

Mama yangu akanikamata mkono: usimwonyeshe mkeo ulipomlaza, atahamia pale. Nikatii. Mkunga naye alinisubiri kibarazani: mkeo hajatia kitu kinywani siku mbili, ukiingia mlazimishe ale. Nikaingia. Nikamwona kageukia ukuta. Maneno yote niliyokuja nayo yakaanguka kizingitini, likabaki la mkunga.

Kesho yake ningesema. Kesho ikazaa kesho. Baba kafa, mama kafa, mkunga sijui. Mahali pale sasa napajua mimi peke yangu duniani. Nakwenda kila mwaka, peke yangu, na nikirudi nasema nilikuwa na friji ya mbali. Na yeye, miaka yote hii, anaishi na mwanamume aliyezikiwa mwanawe akiwa kazini. Hakuondoka. Alimwandikia mtu asiyemjua, akaendelea kunipikia.

Halafu mimi nikamsomea barua yake mwenyewe! Kwa sauti! Nikamwuliza mwanamume gani huyu!

Kaingia na kapu la nguo. Kaliweka chini. Leo sikulifunga daftari kama nifanyavyo siku zote.

Kasema, "Fundi, unaandika nini siku hizi?"

"Mambo tu."

Kakunja shati langu. Kakunja la pili. Kauliza, hatazami huku, "Nami nimo?"

Nikasema, "Umo." Kisha nikasema, "Mko wawili."

Shati limebaki mikononi mwake. Halikunjwi. Naendelea kuandika kwa sababu nikiacha kalamu itabidi nimtazame. Hajaenda kubandika chai. Anavuta kiti — si kile chake cha upande wa pili. Anakileta huku, ubavuni kwangu. Kakaa. Kaitoa miwani mfukoni, kaivaa, na mkono wake umekuja juu ya ukurasa, taratibu, unasubiri nimalize mstari huu