Mpokezi wa Sita

Jumapili, 5 Oktoba 2008

Naandika Kiswahili kwa sababu Sundus hawezi kukisoma. Kukisikia anakisikia vizuri tu, lakini akikiona kimeandikwa anakuwa kama kipofu. Basi daftari hili salama.

Leo jukwaa letu la mtandaoni limewaka moto. Hemali kaandika! Hemali wangu, tunayekaa naye meza moja tangu Year 7, tulipoanza sekondari. Mistari mitatu tu: kaenda maktaba hapa Kilburn, kafungua kitabu cha rekodi za dunia, cha 2006, cha 2007, cha 2008, ukurasa kwa ukurasa, na Mirinae haimo. Basi. Hakumtukana mtu.

Mirinae ni klabu yetu, mashabiki wa Garam, wale waimbaji vijana watano wa Seoul. Na kila mtu anajua kuwa ni klabu kubwa kuliko zote duniani, wanachama 812,416, imo kitabuni. Tunalisema hilo kama mtu anavyosema leo Jumapili. Mimi pia nalisema.

Mpaka adhuhuri majibu mia mbili. Muongo. Mwenye wivu. Katumwa na mashabiki wa kundi jingine.

Sundus kapiga simu kutoka Croydon. Binti wa shangazi yangu, kanizidi miaka miwili, na tangu Agosti ni mkuu wa Mirinae tawi la London — kadi kazichapisha kabisa. Yeye husema Kiingereza, mimi namjibu Kiswahili, ndivyo tulivyo. Kauliza, huyo hemz_k (ndilo jina la Hemali jukwaani) ni nani, anaonekana wa upande wenu huko. Nikasema simjui.

Nimesema simjui.

Jumanne, 7 Oktoba

Sundus alikuwa anamjua. Siku ya Idd nilimwonesha picha kwenye simu yangu, mimi na Hemali bustanini, akajitumia kwa Bluetooth, ati nimependeza. Leo picha iko jukwaani. Mimi kanikata. Umebaki mkono wangu tu, begani kwa Hemali, na hina ya harusi ya Suad, jirani yetu, bado imekoza. Chini yake jina la skuli yetu.

Sikujua kuna mashabiki wengi hivyo skuli! Wamejipanga kwenye ngazi. "We Hemali, una marafiki wangapi? Ushaangalia kitabuni?" Kicheko mpaka juu. Hemali kapita katikati yao kanyooka kama rula. Mimi nyuma yake, mikono nimeificha ndani ya mikono ya sweta.

Alhamisi, 9 Oktoba

Wamemwaga mtindi kwenye begi lake. Daftari la Kemia limeloa lote. Kalifuta kwa tishu, ukurasa mmoja mmoja, hakulia. Halafu kanambia, nifundishe ile yenu ya chuoni.

Ile yetu ya chuoni: Jumamosi, kwenye chuo cha Kurani cha Bi Mardhiya, maneno ya hadithi hatuyapokei hivi hivi. Nani kasema? Kapokea kwa nani? Na yule kwa nani? Unarudi nyuma, mpokezi kwa mpokezi, mpaka wa kwanza. Mmoja tu akiwa hafai, habari nzima haifai. Mimi miaka miwili nafanya hivyo hivyo jukwaani. Garam mmoja kaoa kwa siri — uongo, kwa siku moja nilishampata aliyeanza. Garam mwingine ana kifafa — uongo. Wananiita Checker. Ukimtoa Sundus na Hemali, hawajui kama ni msichana wala kama nina miaka kumi na sita, na nikisema neno, mjadala unafungwa. Hapo tu ndipo nasikilizwa. Darasani hata jina langu nikiitwa najibu kwa pua.

Lakini namba hii sijawahi kuigusa. Hemali kauliza kwa nini. Nikasema sijui.

Kachora mistari sita nyuma ya daftari lililoloa, 1 mpaka 6. Uvumi hauna ukoo mrefu, kasema, hautazidi sita. Kauanzia kwa Sundus.

Jumamosi, 11 Oktoba

Asubuhi chuoni. Bi Mardhiya katuuliza: mpokezi mkweli lakini mwenye kukosea, asiyekusudia, tunampokea? Mimi — mimi! — nikanyoosha mkono, nikasema hapana.

"Na hakukusudia, mwanangu?"

"Hata kama hakukusudia, Bi. Waliomwamini wamepotea vile vile."

Kanambia ahsante, msikilizeni Miska. Nikarudi nyumbani kwenye basi nimejaa furaha. Mpumbavu mimi.

Nikakaa kwenye kompyuta nikaanza. Wa kwanza Sundus. Sundus kapokea kwenye blogu ya msichana mmoja wa Toronto. Wa Toronto kapokea kwenye gazeti la vijana la Singapore. Gazeti limepokea kwenye ile kamusi ya mtandaoni ambayo kila mtu anaandika. Kamusi imepokea kwa kijana wa Manila. Na Manila, chini kabisa, kwa herufi ndogo, kamshukuru aliyempa habari: Karafuu92.

Nimeondoka nikanywa maji. Nikarudi. Bado ipo.

Karafuu92 ni mimi. Agosti 2006, miaka kumi na nne, likizo, sina pa kwenda. Nilifungua ukurasa wa Kikorea wa Mirinae, sijui hata herufi moja, nikaona chini namba: 812,416. Nikaandika kwenye ukurasa wangu, wanachama 812,416! Halafu: Inshallah, kitabu cha rekodi, 2007! Yaani nilikuwa naomba. Kijana wa Manila kalikata neno Inshallah, labda kaliona pambo, kaacha yaliyobaki. Kitabu cha rekodi, 2007.

Na ile namba. Sasa nasoma Kikorea kidogo. Nimerudi kwenye ukurasa ule ule wa kwao. Namba bado iko chini, imeshafika milioni mbili, na pembeni yake limeandikwa neno moja: wageni. Ilikuwa inahesabu mara ngapi ukurasa umefunguliwa. Na mimi mwenyewe niliufungua labda mara thelathini.

Jumapili, 12 Oktoba

Croydon kwa Shangazi Kijakazi. Pilau. Tulipofika kutoka Pemba 2001 tulilala kwenye sebule hii miezi minane, Baba akisubiri makaratasi. Hakuna anayelitaja, lakini Mama akifika hapa huosha vyombo kabla hajavua koti.

Shangazi kaanza mezani. "Sundus kanambia kuna mtoto wa Kihindi anamchafulia jina. Na Miska ndiye anayeaminiwa huko. Nyinyi damu moja, msaidiane."

"Atasaidia, wifi," Mama kasema. Hata hakuniangalia.

Chumbani Sundus kafunga mlango. Kanitaka niandike kwamba nimehakiki na rekodi ipo. Nikamwambia haipo kitabuni, siwezi. Kasema basi andika chochote, mradi yule mshenzi anyamaze, watu wanauliza kama hata mimi ni mkuu wa kweli. Macho yake yalikuwa mekundu. Sikujua kwamba alikuwa analia.

Hapo ndipo pa kusema. Sundus, ni mimi, nilikosea, namba si yake si yako. Maneno tisa tu! Nilikuwa nayo mdomoni pamoja na harufu ya pilau. Mama kaita, twende treni itatuacha.

Jumatatu, 13 Oktoba

Hemali kafika wa tano! Mchana kanifuata mbio kwenye foleni ya chakula, uso unang'aa kama zamani. Manila, kasema, na Manila kamtaja mtu, bado sijafungua, kabaki mmoja tu, leo jioni namweka jukwaani mbele ya wote. Kisha kaninong'oneza, "Asante, Bi Miska." Maneno ya Kiswahili kamfundisha Ba, bibi yake wa Mombasa. "Bi" nimemfundisha mimi.

Skuli ilipotoka nikarudi nyumbani mbio. Nywila ya ukurasa wangu wa zamani nilikuwa naikumbuka bado — jina la paka wetu wa Wete.

Una hakika unataka kufuta ukurasa huu? Kompyuta imeniuliza hivyo hasa. Ndiyo.

Jumanne, 14 Oktoba

Kaweka linki saa moja jana jioni. Kaandika: huyu ndiye wa kwanza, fungueni mjisomee. Wote wakafungua. Ukurasa haupatikani.

Majibu mia sita. Kaitunga hiyo linki mwenyewe! Muongo mara mbili! Hemali anaandika tu, ilikuwepo, nimeiona kwa macho yangu, nimeichapa maktaba. Wanacheka. Halafu Sundus: tumwite Checker.

Nimekaa mbele ya skrini tangu nitoke skuli mpaka Mama kaniita kula. Nimeandika hivi: Nimeangalia. Ukurasa huo haupo.

Kila neno la kweli. Mjadala umefungwa.

Alhamisi, 16 Oktoba

Kiti kitupu. Jana pia.

Jumanne, 21 Oktoba

Bado. Simu imezimwa. Nimepita kwao nikaona pazia la chumba chake limefungwa, nikavuka barabara. Mwalimu kauliza kama kuna anayejua Hemali ana nini. Nimeisoma meza. Mtu kachora juu yake kwa wino, 812,416, karibu na mahali anapoweka mkono.

Ijumaa, 24 Oktoba

Barua kutoka Croydon. Kadi ya plastiki, picha ya Garam, jina langu kamili kwa herufi za dhahabu: Miska Abdulsamad, Mhakiki Mkuu, Mirinae London. Na kipande cha karatasi, Sundus kajaribu kuandika Kiswahili kwa mkono wake: asante dada yangu.

Mama kaiegemeza kadi kwenye friji. Ati mwanangu ana cheo.

Jumapili, 26 Oktoba

Naandika haya chooni. Nimefunga kwa ufunguo.

Saa tisa mlango umegongwa, nikafungua, Ba. Bibi mdogo, sari na koti la mvua, mfuko wa plastiki umejaa karatasi. Katoka kituoni kwa miguu. Mama kafurahi! "Karibu, mama, karibu ndani," na Kiswahili cha Ba cha Mombasa kimemchekesha, kamtilia chai ya tangawizi, kamuuliza habari za Diwali, si keshokutwa?

Ba kasema, "Hapana Diwali sisi mwaka hii. Hemali iko hospitali."

Kaanguka bafuni Alhamisi. Siku kumi hali kitu, anatupa chakula dirishani, wao wanadhani anakula. Sasa wamemtia mpira wa kulishia puani. "Daktari nauliza, nini mbaya? Mama yake nauliza. Yeye hapana sema. Neno moja hapana." Leo kakuta mfuko huu chini ya godoro. "Baba yake nikionyesha, yeye tavunja kompyuta, tapigia mtoto kelele. Kwanza wewe soma mimi. Wewe rafiki yake. Kiswahili yako mimi nasikia. Saa kumi na mbili mimi rudi hospitali, nataka jua kitu gani nakula mtoto yangu."

Mama kashika mdomo. "Msomee, Miska. Msomee bibi yako."

Nikasoma. Niliyoyasoma siwezi kuyaandika hapa. Karatasi mia na zaidi za jukwaani, Hemali kazichapa zote maktaba. Nikawa naruka ruka, natafsiri nusu, sura ya Ba haibadiliki, anatikisa kichwa tu kama anayehesabu. Nilipofika kwenye ile ya Checker nikaisoma pia. Ba kauliza huyo nani. Nikasema mtu wa jukwaani.

Halafu daftari la Kemia, limekauka limejikunja. Nyuma, ile mistari sita. Wa kwanza Sundus. Wa pili Toronto. Singapore. Kamusi. Manila. Wa sita — tupu. Hakuandika kitu.

Na ndani yake karatasi moja imekunjwa mara nne. Ukurasa wangu. Kauchapa kabla sijafuta. Rangi zake za waridi, namba, Inshallah. Hemali kazungushia jina duara kwa kalamu, duara moja tu, taratibu, halijapitiliza.

Alikuwa anajua. Jumatatu ile ile alijua. Jukwaani walimwita muongo mara mia sita, alikuwa na hii mkononi, angeweza kusema ni fulani, anakaa nami meza moja. Kuweka linki kaweka, labda kabla hajafikiri jina linamaanisha nini. Kisha kanyamaza.

Ba kaichukua karatasi kaisogeza machoni. Kiingereza hasomi, lakini herufi anazijua. Kidole chake chini ya duara, polepole.

"Ka-ra-fuu." Kaniangalia. "Hii hapana Kiingereza. Hii neno mimi najua. Mombasa baba yangu nauza dukani. Hii mtu ya kwetu. Nani?"

Mama kutoka jikoni: karafuu ipi tena, mama?

Nikasema ngoja nikalete kamusi, nisije nikakosea. Kamusi! Ndiyo hii hapa, mapajani, naandikia juu yake. Miaka miwili nimewauliza watu dunia nzima kapokea kwa nani, na bibi mmoja na mfuko wa plastiki —

Saa kumi na moja na robo. Nasikia anaweka kikombe. Mama anapita, anasema, huyu mtoto hata imeli yake ina karafuu, ngoja yeye mwenyewe atakwambia. Wanacheka kidogo. Mama peke yake anacheka.

Kiti kinasogezwa.

Mtu kasimama nje ya mlango. Hatua hazikuwa za Mama. Hagongi. Nasikia sari, na karatasi inakunjuliwa