Kamba ya Mjomba Saidi

Mama, shikamoo. Nimefika Bukene salama, ila Mjomba Saidi uliyenituma kumchukua hatarudi nami. Nilidhani nitamkuta kajiinamia ndani tangu macho yake yalipopofuka. Kumbe yuko kwenye shamba la ujamaa na wenzake, analima! Wenzake hao walimuuliza mwenyewe anataka asaidiwe nini, akawajibu, "Nataka kulima, sitaki kukalishwa." Basi kila asubuhi jirani yake Masanja humtandikia kamba chini kando ya tuta, naye huifuata kwa kuigusa na mguu huku akilima mpaka mwisho. Mchana majirani hao walitukaribisha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, pamoja na karanga, machozi ya shukrani yakanitoka. "Mwambie dada asinililie," akasema mjomba. "Anitumie jembe jipya." Mungu awazidishie majirani hawa, nawe mama yangu akupe usingizi mzuri.

Mwanao, Zuhura