Mama Yunis, Stoo ya Jumamosi na Jibu la Baba

Leo umetimia mwaka mmoja, Mama yetu Yunis, tangu ulipotuacha mwishoni mwa masika, barabara ya Mlalo ikiwa matope matupu na vijana wakipokezana jeneza lako mabegani.

Tunakukumbuka Jumamosi zako. Chai ilikuwa haijapoa nawe umeshajifunga kitenge, unakwenda kufungua stoo ya chakula ya usharika. Waumini walileta walichojaliwa: viazi, maharage, kabichi, mahindi. Wewe na Mama Evelina mliwagawia wajane, wagonjwa na wazee wasio na wa kuwalimia. Hukupenda jina la mtu liitwe kwa sauti. Ulimsogelea kila mmoja, ukamwuliza mguu unaendeleaje, mjukuu amepona, kisha ukamtilia kwenye mfuko kipande cha sabuni ulichokinunua mwenyewe.

Nyumbani hukuwa mtu wa kugomba. Ulipochukizwa ulichambua mnavu jani moja moja, na Efrazia, mzaliwa wako wa kwanza, alikuwa akitunong'oneza, "Leo kaeni kimya."

Mwaka wako wa mwisho mavuno yalikuwa haba. Wazee wa kanisa, na Baba akiwa mmoja wao, wakaamua chakula kitolewe kwa washarika peke yao. Saumu, jirani yetu mjane, ni Mwislamu, na shamba lake la karoti lilikuwa limeporomoshwa na mvua. Ukaomba nafasi ya kusema mbele ya wazee.

"Wazee wangu, mimi na Saumu tunachota maji bomba moja. Nikimrudisha na mfuko mtupu, kesho tutasalimianaje?"

Wakaulizwa nani anakubaliana nawe. Mama Evelina, naye mzee wa kanisa, peke yake akanyoosha mkono. Wakaulizwa nani anataka uamuzi ubaki vilevile, Baba akanyoosha wake, nawe unamtazama.

Njiani alikuambia, "Mama Efrazia, umenivunjia heshima mbele ya wenzangu."

"Nisamehe, Baba Efrazia," ukajibu, mkaendelea na safari.

Tangu hapo ukawa unachimba viazi kwenye shamba lako na kumpelekea Saumu, unapanda kile kilima chenye utelezi na kikapu kichwani. Baba alikuona. Siku uliyoanguka alikuwa uani anatia jembe mpini, akakutazama unavyojitwisha, hakukupokea mzigo. Ukateleza kwenye kona ya juu, nyonga ikavunjika.

Hospitalini binti yako Modesta alikuuguza. Baba alikuja kila siku na uji, akakuhadithia habari za mbuzi na mvua. Siku ya tano akakushika mkono.

"Nilikosea, mke wangu. Saumu alistahili kupewa."

"Usiniambie mimi," ukasema. "Kawaambie wazee."

Akakuahidi. Jumapili ile wazee walikutana baada ya ibada. Baba akasimama, akakohoa, akawatazama wenzake aliokaa nao miaka ishirini. Akazungumza juu ya mabati ya nyumba ya mchungaji, akaketi.

Jumatatu ulikuwa unamsubiri.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Wakasemaje?"

"Wamekubali."

Ulicheka, Mama. Ukamwomba Modesta uji uliokuwa umeukataa siku mbili, ukanywa nusu kikombe. Jumatano asubuhi ukafariki.

Sisi wanao tuliona Baba anakonda, tukadhani ni msiba. Alikuwa akiacha chakula mezani na kwenda kusimama uani. Nathanaeli alitaka kumpeleka kwa daktari. Kumbe alikuwa na jambo lake, naye hakulitoa mpaka ilipokaribia sikukuu ya mavuno. Hapo alisimama tena mbele ya wazee, safari hii akasema yote, kura yake, kikapu chako, na lile jibu la hospitalini. "Nilimdanganya mke wangu akiwa anakufa," alisema, "kwa kuwaogopa ninyi." Halafu wakauondoa ule uamuzi, na sasa mwenye shida anapewa, awe anasali popote.

Lakini Saumu alikuwa ameshahama. Alikuwa ameteremka Mombo kwa kaka yake Sharifu, maana huku juu kulimshinda. Baba alimfuata na gunia la viazi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Saumu, nimekuja kukuomba msamaha."

Saumu akashangaa. "Msamaha wa nini? Si wewe uliyekuwa ukinitumia viazi? Kila Mama alipokuja alisema, 'Hivi ametoa Baba Efrazia.'"

Baba akamwambia, "Sikutoa mimi. Alikuwa akinisitiri." Saumu akajifunika uso kwa mtandio, wakakaa hivyo mpaka Sharifu alipoleta chai.

Siku hizi Jumamosi Baba yuko stoo. Anabeba magunia, na wasioweza kutembea anawapelekea mpaka mlangoni. Bado anaita majina kwa sauti kubwa, Mama Evelina anamkanya kila wiki. Tungependa kukuambia ametulia. Hajatulia. Yeye ndiye aliyetaka haya yaandikwe hapa, wote wasome, na maneno haya ni yake:

"Yunis, ile Jumatatu nilikuwa sijawaambia. Sasa wamesikia wote, isipokuwa wewe."

Unakumbukwa na mumeo Kristian. Wanao Efrazia, Nathanaeli na Modesta. Wakwe na wajukuu zako. Dada yako Dorkasi wa Malindi. Mama Evelina na wenzako wa stoo. Na Saumu, aliyetutumia ujumbe kutoka Mombo akiomba jina lake lisikose.

Siku zote za maisha yetu tutakukumbuka, Mama.